MSIBA SI WA NAMNA MOJA: Historia Fupi ya Mafunzo ya Wafariji na Somo Lake Kwetu



Toleo hili la kumbukumbu limetolewa ili tuwakumbuke wote tuliowapoteza vijijini kwetu, njiani, ziwani na humu kambini. Kamati imetutaka sisi walimu tuandike pia juu ya wale waliobaki hai, yaani wafiwa, pamoja na watu wanaofundishwa kuwafariji.

Katika kambi yetu wapo akina mama na vijana waliohudhuria semina na kupewa jina la washauri nasaha. Wapo wanaowaheshimu. Wapo pia wanaosema pembeni, "Huyu mtoto wa juzi atanifundisha mimi kulia?" Swali hilo halifai kupuuzwa. Wazee wetu walizika na kufarijiana bila cheti wala semina. Basi kuna haja gani ya kumfundisha mtu kazi hiyo?

Historia inatupa jibu. Matanga ya wazee wetu yalipangwa kwa msiba wa namna moja: mtu amekufa, mwili upo, kaburi limechimbwa, majirani wamekuja. Vita na ukimbizi vimetuletea misiba ya namna nyingine. Kila namna ya msiba ilipotambuliwa, palikuwa na balaa fulani, mahali fulani, na watu fulani waliokubali kukaa chini na kuwasikiliza wafiwa.

Matanga, shule ya kwanza

Kabla ya kuzungumzia wataalamu, tuseme kwanza habari ya matanga. Mtu akifariki, majirani huleta kuni, maji na unga. Mfiwa hapiki wala hafagii. Wanaume hukesha nje kwenye moto, wanawake hukaa ndani pamoja na mjane. Kila anayeingia husema pole, na marehemu huzungumzwa kwa jina lake. Waislamu husoma hitima na kuhesabu arobaini. Ndugu zetu Warundi wana siku ya kuganduka, ambayo hufunga kipindi cha maombolezo. Sisi wa Kivu tunasema kuondoa matanga.

Ukichunguza utaona kazi tatu ndani ya desturi hizo. Mfiwa haachwi peke yake. Analia mbele za watu bila aibu. Kisha anapewa siku ya kurudi shambani, ili asizame moja kwa moja katika majonzi. Hayo matatu ndiyo msingi wa mafunzo yote yaliyokuja baadaye.

Ukimbizi uliyavunja yote matatu. Mtu alizika njiani usiku akaendelea kutembea, au alifika mahali ambapo hana sanda, hana chakula cha kuwapa waombolezaji, na jirani yake hamjui. Mwaka 1990 watafiti wawili, Barbara Harrell-Bond na Ken Wilson, waliandika kwamba programu za kuwasaidia wakimbizi zinapaswa kufikiria pia mazishi na maombolezo. Harrell-Bond alikuwa amekaa miongoni mwa wakimbizi wa Uganda kusini mwa Sudani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hoja hiyo ingali na uzito: mtu anayeshindwa kumzika mzazi wake kwa heshima ana njaa ambayo mgawo wa unga hauiondoi.

Moto wa Boston na wajane wa Uingereza

Tarehe 28 Novemba 1942, ukumbi wa starehe uitwao Cocoanut Grove uliungua mjini Boston, Marekani. Watu 492 walikufa. Daktari Erich Lindemann aliwahoji waliofiwa katika moto huo pamoja na wafiwa wengine, jumla 101, na mwaka 1944 akachapisha aliyoyaona. Aliona kwamba majonzi hukaa hata mwilini: pumzi fupi, koo kubana, nguvu kuisha, chakula kukosa ladha. Wengine walijilaumu kwa jambo dogo walilofanya au walilosahau siku ile. Wengine hawakulia kabisa wakati ule, na majonzi yakawatokea baadaye. Daktari huyo aliandika wazi kwamba majonzi yana njia yake, na kwamba mtu anaweza kusindikizwa katika njia hiyo.

Mwaka 1959, nchini Uingereza, Bibi Margaret Torrie alianzisha Cruse, chama cha kuwasaidia wajane. Jina hilo lilitokana na chupa ya mafuta ya mjane wa Sarepta katika Biblia, ile isiyopungua. Chama hicho kikaendelea kuwafundisha watu wa kawaida waliojitolea kuwasikiliza wafiwa. Katika miaka ya 1960, kule Boston, Phyllis Silverman aliongoza mpango ambamo mjane wa siku nyingi alimtembelea mjane mpya. Hapo ndipo jibu la kwanza kwa yule anayeuliza juu ya "mtoto wa juzi" linapopatikana: si lazima mfariji awe daktari. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na upweke wa ujane anaujua mjane. Ila kufiwa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mfariji. Ni lazima ajifunze kwanza asigeuze msiba wa mwenzake kuwa nafasi ya kusimulia wa kwake.

Hatua tano na matumizi yake mabaya

Wengi waliohudhuria semina wamesikia juu ya hatua tano: kukana, hasira, kubembeleza, kukata tamaa na kukubali. Hatua hizo ziliandikwa mwaka 1969 na Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Chicago. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Baadaye zikafundishwa kila mahali kama ngazi ambayo kila mfiwa lazima aipande, na mama akichelewa "kukubali" akahesabiwa kama mwanafunzi aliyefeli mtihani.

Wataalamu waliofuata walisahihisha mambo. Mwaka 1982 William Worden aliandika juu ya kazi ambazo mfiwa anazifanya mwenyewe, badala ya hatua zinazompitia. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut, wa Uholanzi, walionyesha kuwa mfiwa huenda na kurudi: leo analia, kesho anatengeneza paa, keshokutwa analia tena. Huko kwenda na kurudi si ugonjwa. Mama anayecheka sokoni wiki mbili baada ya mazishi hajamsahau mwanawe.

Uganda: msiba unaotangulia kifo

Mwaka 1987 Bibi Noerine Kaleeba, ambaye mumewe Christopher alikuwa amefariki kwa UKIMWI mwezi wa Januari mwaka huohuo, alianzisha TASO pamoja na wenzake kumi na watano. Baadhi yao walikuwa wenyewe wagonjwa. Wakati ule dawa za kurefusha maisha hazikuwepo. Washauri wa TASO walijifunza kukaa na mtu anayejililia mwenyewe, na mke anayemlilia mume ambaye bado anapumua. Lindemann aliwahi kuitaja hali hiyo mwaka 1944, lakini Waganda ndio waliotuonyesha katika eneo letu jinsi ya kuifanyia kazi kijijini, nyumba kwa nyumba.

Katika miaka ya 1990 akina mama wa Uganda wanaoishi na virusi walianza pia kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: jina la babu, ukoo, kijiji, hadithi ya kuzaliwa kwa mtoto. Sisi walimu tunalitazama jambo hili kwa makini, kwa kuwa watoto wengi kambini hawajawahi kuona kijiji wanachoambiwa ni chao.

Rwanda: nchi nzima yenye msiba

Tunajua kwamba msomaji wa Kivu akisikia jina la Rwanda moyo wake unaweza kukunjamana, kwa sababu ya vita vya 1996 na 1998 vilivyotuleta hapa Kigoma. Hatuandiki siasa. Tunaandika juu ya wafiwa, na mjane hana jeshi.

Kuanzia Aprili hadi Julai 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 800,000 na zaidi ya milioni moja. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, karibu na Kigali, nayo ilishambuliwa, na waliokimbilia humo waliuawa. Daktari Naasson Munyandamutsa alirudi kutoka Uswisi, na kwa muda alikuwa daktari pekee wa magonjwa ya akili nchini. Daktari mmoja hawezi kuwahudumia watu mamilioni. Hivyo mwaka 1995 serikali, kwa msaada wa UNICEF, ilifungua mjini Kigali kituo cha taifa cha kushughulikia kiwewe, na maelfu ya walimu, wauguzi, watumishi wa jamii na viongozi wa dini wakapewa mafunzo mafupi.

Mambo matatu kutoka Rwanda yanatuhusu.

Kwanza, lugha. Wafariji hawakubaki na maneno ya vitabu vya kigeni. Neno la Kinyarwanda ihahamuka lilitumika kuielezea ile hali ya kushikwa ghafla na woga na mayowe, hasa siku za kumbukumbu. Mfariji asiyejua maneno ya mfiwa hawezi kuusikia msiba wake.

Pili, wafiwa wenyewe. Januari 1995 wajane waliunda chama chao, AVEGA, wakasaidiana katika ugonjwa, makazi, mahakama na malezi ya yatima. Tangu mwaka 2005 huko Byumba, vikundi vya majirani vimekuwa vikikutana kila wiki kwa wiki kumi na tano, vikiongozwa na watu wa palepale waliofundishwa. Njia hiyo imetumiwa baadaye na wakimbizi wa Kikongo waliomo Rwanda na Uganda.

Tatu, wakati. Mahakama za gacaca zilipoenea nchi nzima mwaka 2005, hadi zilipofungwa mwaka 2012, watu walisikia kwa mara ya kwanza ndugu yao aliuawa vipi na ametupwa wapi. Msiba wa miaka kumi ukawa mpya asubuhi moja. Kwa hiyo kila mwezi wa Aprili washauri huwekwa tayari kwenye mikutano ya kumbukumbu, kwa kuwa inajulikana kwamba watu wataanguka. Kumbukumbu huponya, lakini huumiza kwanza.

Burundi: kilio kilichokatazwa

Mwaka 1989 Kenneth Doka wa Marekani alieleza juu ya msiba ambao jamii inakataa kuutambua. Ndugu zetu Warundi waliujua kabla hajauandika. Mwaka 1972 maelfu kwa maelfu, wengi wao Wahutu, walichukuliwa na kuuawa. Kwa kuwa waliitwa wasaliti wa nchi, familia zao hazikuweza kuwalilia hadharani wala kuomba miili. Mtoto aliambiwa nyumbani, "Usiulize baba yuko wapi." Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza kwamba imefukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 huko Karusi. Zilikuwa zimepita karibu miaka 48. Watoto wa waliouawa walikuwa sasa wazee, na ndipo wengine walipoanza kulia.

Humu kambini nako ipo misiba isiyokubaliwa. Yupo mama ambaye mimba imeharibika, akaambiwa hakuna mtu aliyekufa. Ipo familia ya aliyejiua. Yupo aliyebakwa vitani, anayeomboleza usichana wake na ndoa aliyokuwa ameahidiwa. Yupo mzazi ambaye mwanawe alikufa akiwa amechukua silaha upande usiopendwa. Hakuna anayewapelekea kuni hao. Mfariji aliyefundishwa vizuri ni yule anayejua mlango upi haukubishwa hodi.

Aliyepotea

Msiba wetu mgumu kuliko yote hauna kaburi. Mtumbwi ulizama katika Ziwa Tanganyika na miili haikuonekana. Watu walitawanyika porini na mmoja hakutokea upande wa pili. Kijana alichukuliwa na wenye bunduki. Je, ni marehemu, au yuko hai mahali?

Katika miaka ya 1970 Pauline Boss, wa Marekani, alikaa na familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam. Aliona kwamba familia hizo hazikuwa na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa katika hali yenyewe: mtu hayupo, na kutokuwapo kwake hakuna uthibitisho. Ukimwambia mke, "Kubali kwamba amekufa," unamtaka amzike mumewe kwa mikono yake bila ushahidi. Ukimwambia, "Atarudi," unamfungia mlangoni. Boss alifundisha njia ya tatu: kumsaidia mtu abebe mambo mawili kwa pamoja, aseme "huenda amekufa, huenda yuko hai," huku akiendelea kulea watoto. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo wengi tunaijua kwa barua za kuwatafuta ndugu, ilitoa mwaka 2013 mwongozo wa kuwasindikiza jamaa za waliopotea. Neno ni kusindikiza, wala si kuharakisha.

Msiba wa nchi

Daktari Maurice Eisenbruch, aliyefanya kazi na wakimbizi wa Kambodia katika miaka ya 1980, aliona kwamba wengi walioitwa wagonjwa wa akili walikuwa wanaiomboleza nchi yao: mizimu ya mababu waliowaacha, lugha, sherehe, heshima ya mzee. Sisi tunaelewa. Mzee aliyekuwa na ng'ombe na sauti barazani, leo anasimama kwenye foleni na kadi mkononi. Hakuna aliyekufa nyumbani mwake mwaka huu, lakini amefiwa.

Mafunzo bora yakoje?

Katika miaka ya 1990 ilikuwa kawaida kumwita mtu aliyepatwa na balaa na kumtaka asimulie yote katika kikao kimoja. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kikao cha namna hiyo hakizuii maradhi, na huenda kikawazidishia wengine. Mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake unafundisha mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Mwaka 2013 Shirika hilohilo liliongeza kwamba si kila mfiwa anahitaji ushauri wa kitaalamu, na kwamba wafiwa wasio na ugonjwa wa akili wasipewe dawa za kutuliza kama diazepamu kwa sababu ya majonzi tu. Wengi husaidiwa na ndugu, dini na matanga. Wachache ambao majonzi yao yanazidi miezi sita, yanapita kiasi cha desturi za kwao na kuwazuia kuishi, hao wana hali inayotambuliwa tangu Januari 2022 katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, na wapelekwe kwa mtaalamu.

Kutokana na historia hii yote, mshauri wetu anapaswa kujua mambo machache na kuyajua vizuri: kutunza siri, kunyamaza, kuacha maneno kama "jikaze" na "afadhali wewe umebaki na watoto wengine", kutambua huu ni msiba wa namna gani, kumtambua mtoto darasani ambaye majonzi yake yanaonekana kwa kusinzia au kupigana, na kujua lini ampeleke mtu hospitalini. Zaidi ya hayo, naye ahudumiwe. Washauri wetu ni wakimbizi kama sisi, wana makaburi yao. Semina ya siku tano bila mtu wa kuwasikiliza kila wiki ni sawa na kumpa mtu jembe bila mpini. Tunawaomba wenzetu wa mashirika walizingatie hilo wanapopanga bajeti.

Pendekezo letu

Kila siku ya kumbukumbu tunasoma orodha moja ya majina. Ndani yake yamo majina ya watu ambao hakuna aliyewaona wakifa, na wapo akina mama ambao hawaji kwenye mkutano kwa sababu hawataki kusikia mtoto wao akisomwa pamoja na wafu.

Tunapendekeza orodha ziwe mbili. Ya kwanza iwe ya marehemu. Ya pili iwe ya wale tunaowangoja, na jina liingizwe humo au litolewe kwa idhini ya familia yenyewe tu. Majina yote yasomwe, na washauri wakae miongoni mwa watu wakiwa na maji na mikeka, kama inavyofanyika matangani. Hakuna fedha nyingi zinazohitajika. Kinachohitajika ni daftari la pili na mtu wa kupita blokuni kuuliza kwa upole.

Tuliowazika, Mungu awapumzishe kwa amani. Tunaowangoja, Mungu awarudishe, au atuonyeshe walipo.